Sauti ya Dawa ya Panya

Muuza dawa ya panya wa mtaa wa Dunda hafungui kinywa ovyo akiwa kazini. Kinachonadi ni spika aliyoifunga mbele ya baiskeli, kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi: "Panya, mende, kunguni, wote kwaheri!" Yeye husukuma baiskeli taratibu, kitambaa kakizungusha shingoni hata jua likiwaka, kipande cha tangawizi shavuni. Mteja akimuuliza kitu, humjibu kwa kunong'ona. Sauti anaitunzia nyimbo zake, na vidole havitulii, vinapiga mdundo kwenye usukani.

Alasiri ile ya Jumamosi, harusini kwa Bi Ghalia, bendi ilimpa kipaza sauti kwa mara ya kwanza. Wimbo aliutunga mwenyewe, wa mapenzi. Akafumba macho, akaanza. Hakufika hata kwenye kiitikio.

"Haa! Si huyu wa dawa ya panya!" Bi Ghalia akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko. "Tuimbie ile ya kunguni, mwanangu!"

Akageuka kuitazama bendi. Mpiga kinanda alikuwa ameshaudaka mdundo wa tangazo lile. Basi akaimba panya, akaimba mende. Wanawake wakainuka kwa vigelegele kumtuza, wakiitikia pamoja naye, maneno yote wanayajua.

Jumatatu spika iliishiwa chaji mbele ya nyumba ya Bi Ghalia. Hakuhangaika nayo. Akatema tangawizi, akakifungua kitambaa shingoni akajifutia jasho, kisha akaanza kunadi kwa mdomo wake.