Hajambo Katika Jalada la Msengi

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, cheti kiko kwenye bahasha, sare imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, na mganga wa zahanati ya Nduguti hakutaka hata kukitazama. "Fagia kwanza, binti," aliniambia. "Cheti nitakisoma jioni." Mpaka ninahama hakuwa amekisoma.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Kazi yetu ilikuwa kuchemsha sindano, kuosha vidonda, kuandika daftari, na kusalimiana. Ninyi wauguzi wa siku hizi mnaniudhi kwa jambo hilo. Mnaingia wodini na kuuliza "unaumwa wapi?" kabla hamjajua mtu ameamkaje. Sisi tuliuliza nyumbani, mifugo, mvua, ndipo tukafika kwenye tumbo. Na mgonjwa, hata awe hoi, alianza na "sijambo", kisha ndipo aitaje homa. Kuanza na maumivu ilikuwa utovu wa adabu.

Nikahamishiwa hospitali ya wilaya, chini ya Metroni, mama mkali aliyependa majalada kuliko chakula. Kila asubuhi alitaka neno moja la mgonjwa liandikwe kama alivyolitamka. Mimi kwa uvivu niliandika lile la kwanza: "Anasema hajambo." Wodi nzima ilikuwa haijambo, na nusu yao hawawezi kunyanyua kichwa.

Miaka ile vijiji vya ujamaa vikianza, tukaletewa Msengi, utingo wa lori la kampuni moja ya usafirishaji. Lori lilisimama Shelui, akapanda juu ya marobota ya pamba kukaza kamba. Kamba ilikuwa imechakaa, ikakatika, akaanguka chali. Wenzake walimbeba kwa mikono na miguu, wakamkalisha kiti cha mbele kwa heshima, lori likaja likirukaruka njia nzima. Metroni alipoona akakasirika. "Aliyeumia mgongo hakalishwi," aliwaambia. "Analazwa kwenye ubao, hapindwi." Maskini, walikuwa wamempa kiti cha mkubwa wao, kando ya dereva.

Mganga Mkuu wa Wilaya alimpima kwa ncha ya pini, akipanda taratibu kutoka nyayoni. Kuanzia kitovuni kwenda chini Msengi hakuhisi kitu. Kisha akanieleza kwamba katikati ya pingili za mgongo hupita neva, nyingi, zimefungwa pamoja, zinazopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Mfupa ukivunjika huunga, lakini neva hizo zikikatika haziungi tena. "Huyu hatatembea," alisema kwa sauti ya chini. Akaandika hati ya ulemavu, na baada ya wiki chache akapata uhamisho.

Mama yake Msengi, mjane wa Ulemo, alikuja siku ya pili akahamia wodini kwetu. Hakuwa na mtoto mwingine. Kila asubuhi nilimkuta ameketi kando ya kitanda.

"Umeamkaje, Msengi?"

"Sijambo, nesi. Nadhani leo miguu ni myepesi kidogo." Akisema hivyo anamtazama mama yake.

Nami naandika.

Kisha akaja Afisa Kazi, bwana mpole mwenye mkoba uliochakaa. Alitueleza kwamba sheria inamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi aliyeumia kazini, na fidia hiyo hupimwa kwa ukubwa wa ulemavu. Bila fidia, Msengi angerudishwa Ulemo alale kwenye ngozi, bila kitanda, bila kiti cha magurudumu, bila mipira ya kutolea mkojo, akimtegemea mama yake mjane peke yake. Kampuni ikakataa. Ikadai hati ya daktari ni ya siku za mwanzo, na mgonjwa ameshapata nafuu.

Afisa Kazi akalipeleka shauri mahakamani, na huko mwakilishi wa kampuni alisoma jalada letu ukurasa kwa ukurasa, asubuhi baada ya asubuhi: anasema hajambo, anasema hajambo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nani aliyaandika haya?" Hakimu aliuliza.

Nikasimama. "Ni mimi, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo Ndugu Muuguzi aliandika uongo?" mwakilishi akadakia.

"Sikuandika uongo," nikasema. "Niliandika salamu. Nilipaswa kuendelea kuuliza, sikuendelea. Kosa ni langu, asiadhibiwe yeye."

Hakimu alimgeukia Msengi, aliyekuwa amelazwa kwenye machela mbele yake. "Ndugu Msengi, salamu tumemaliza. Sasa nieleze hali yako."

Msengi akamtazama mama yake. "Mheshimiwa," akasema, "naomba kwanza mama yangu atoke nje."

Hapo ndipo nilipoelewa zile asubuhi zote alikuwa akimjibu nani.

"Sitoki," mama akasema. "Sema, mwanangu. Siku ile ya pili nilikuosha miguu. Nilipitiwa, maji yalikuwa ya moto mno, mikono yangu yenyewe iliungua. Wewe ukaendelea kuniuliza habari za ng'ombe. Nilijua tangu hapo."

Msengi alilia, nami nililia, wala sioni aibu kusema. Kisha akasema wazi kwamba hahisi kitu chini ya kitovu, na kwamba hatatembea. Hakimu aliandika kila neno. Daktari mwingine akaitwa kumpima upya, na kampuni ikaamriwa kulipa.

Tulipotoka nje, mama yule hakuuliza fidia itatoka lini. Alinishika mkono. "Nesi, nifundishe kumgeuza." Kwa kuwa asiyehisi hajui kwamba amelalia upande mmoja kutwa nzima, ngozi yake huoza kimyakimya, na wengi hufa kwa vidonda hivyo. Nilimfundisha siku tatu.

Nimestaafu sasa. Nimefundisha wauguzi wengi, wenye vyeti vizuri kuliko changu, na wote niliwaambia salamu ikiisha waulize tena. Msengi aliishi Ulemo miaka mingi. Alipofariki nilikwenda kuhani, na wanaume waliomwosha waliniambia mgongo wake ulikuwa laini, hauna kovu hata moja.