Shemeji Anauza Chupa kwa Picha ya Vidole Vyangu

Admin, salaam aleikum. Jina langu lifiche. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka arobaini na mbili, nauza nguo hapa Isiolo mjini. Naandika na hasira, mkiona maneno yamekuwa makali mnivumilie.

Miaka saba iliyopita nilianza kutoka magamba kwa ngozi, kwanza kichwani, halafu viwiko na magoti. Kisha vidole vikavimba vyote, mpaka pete ya ndoa ikakatwa na fundi. Asubuhi nilishindwa kumfunga mtoto vifungo vya shati la shule. Wateja wakaanza kuniambia, "Weka tu chenji hapo mezani, mama."

Mdogo wa mume wangu anauza mitishamba. Kabla ya hapo aliuza simu, na kabla ya simu alikuwa dalali wa mbuzi, na kote huko watu walimchoka kwa uongo. Sasa ni daktari! Mwaka mzima nilikunywa yale maji yake meusi. Nikatapika, nikakonda, vidole vikaanza kupinda. Nikimlalamikia ananiambia, "Shemeji, imani yako ni ndogo." Mtu asiyejua ini liko upande gani wa tumbo anapima imani yangu.

Dada yangu ndiye alinipeleka Nairobi kwa daktari wa viungo. Daktari akaangalia kucha zangu, akabonyeza vidole, akasema ngozi na viungo ni ugonjwa mmoja, arthritis ya psoriasis. Kinga ya mwili wangu inanishambulia mimi mwenyewe. Tukajaribu tembe kwa miezi, hazikutosha. Ndipo wakanipima TB na maini, wakanianzisha sindano. Inakaa kwa friji, najidunga pajani kila baada ya wiki mbili. Daktari hakunidanganya: "Hii haiponyi, inazuia. Ukiacha, itarudi. Na ukipata homa, nipigie kabla ya kujidunga."

Kufikia mwezi wa nne wa sindano nilikanda unga wa chapati kwa mikono hii. Nililia juu ya sinia kama mtoto.

Sasa sikieni. Mume wangu alikuwa na picha za vidole vyangu kabla na baada. Akampa ndugu yake. Huyo bwana akazibandika kwa duka lake na kwa simu za watu wote, ati hii ni kazi ya chupa yake. Nilipomuuliza mume wangu akasema, "Si anatafuta riziki tu? Uso hauonekani." Na mimi mjinga nikanyamaza, kwa sababu sikutaka mji ujue najidunga sindano. Mnajua vile watu wetu wakisikia sindano wanataja ugonjwa gani.

Mwezi uliopita aliingia dukani mwalimu mmoja kutoka Ngaremara, msichana mdogo, anatembea kama bibi wa miaka themanini. Akaniambia kwa furaha, "Abaayo, dada yangu, muuza chupa ameniambia wewe ndiye wa ile picha? Nimeacha sindano zangu, natumia chupa kama wewe." Nikaangalia vidole vyake. Vilikuwa vyangu vya zamani.

Nilifunga duka, nikampeleka nyumbani, nikamfungulia friji. Akatazama zile sindano, akakaa chini sakafuni. Siku ya pili nilimsindikiza kliniki mwenyewe, wakamrudisha kwa matibabu. Lile goti moja, daktari anasema huenda lisinyooke tena.

Kutoka huko nikaenda moja kwa moja kwa shemeji. Watu walikuwa wamepanga foleni.

"Toa hizo picha," nikamwambia.

Akacheka. "Shemeji, chupa ndiyo ilifungua njia. Sindano imekuja kumalizia tu."

"Chupa yako haikufungua hata mlango wa choo, nilitapika nje!" Nikainua mikono, nikawaambia wote: hii ni sindano ya hospitali, miaka minne sasa, na nikiacha naharibika. Foleni ikaisha hapo hapo. Yeye akajificha nyuma ya pazia lake, huyo tabibu mkubwa.

Jioni mume wangu hakuniuliza habari ya yule mwalimu hata kidogo. Alisema, "Umemwaibisha ndugu yangu. Ijumaa utamwomba msamaha mbele ya wazee, na useme chupa ilikusaidia." Nikakataa. Akatabasamu, akasema polepole, "Kumbuka hiyo sindano inatoka kwa bima ya kazi yangu. Naweza kukutoa."

Miaka kumi na nane nimelala karibu na huyu mtu. Sikujua utu wake ni mdogo hivi.

Sindano iliyobaki kwa friji ni moja. Nikisema ule uongo, nabaki na vidole vyangu, na mgonjwa mwingine anapoteza vyake. Nikikataa, sijui dawa nitaitoa wapi. Msiniambie habari ya kuvumilia ndoa, hiyo nimeshasikia. Niambieni tu, nyinyi mliopitia haya: Ijumaa nikisimama mbele ya wale wazee, nifungue mdomo niseme nini?