Siku Niliyosoma "Wake Up" kwa Kiswahili

Juzi mjukuu wangu alikuja na daftari lake la shule, akasoma "wake up" bila hata kukwama, kisha akaniuliza nacheka nini. Acha nicheke, mwenzangu. Maneno hayo mawili nusura yakatishe masomo yangu.

Ilikuwa kijijini kwetu Mchinga, enzi za Mwingereza. Baba alishasema: nikifaulu usaili wa shule ya wasichana Lindi, niende, nikishindwa, nawekwa ndani kungoja mchumba. Usaili wenyewe kwa Kiingereza, nami ndiyo kwanza nakianza. Siku mwalimu alipoandika "wake up" ubaoni akanisimamisha, nikasoma nilivyoona: wake, kama wake wa jumbe, halafu upu. Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo wenzangu wakaniita Bi Wake. Niliona haya, na haya zilipoisha nikapandwa na hasira. Nikajiapiza kwamba maneno yale nitayajua mpaka waliocheka waje kuniuliza.

Mwalimu yeye hakucheka. Alisema Kiingereza kinaandikwa hivi na kinasomwa vile, tusigombane nacho, tukizoee. Ya leo ni weik, ya jana wouk, na ya tatu, wouken, hiyo hata yeye aliieleza huku anajikuna kichwa. Nikamuuliza kwa nini wasitie "li" tu kama sisi, watu wakapumzika. Akasema nikawaulize wenyewe.

Jioni nilikaa juu ya mbuzi nakuna nazi, muhogo unachemka, naimba: weik ap, wouk ap, wouken ap. Bibi yangu, aliyenilea, hakujua hata a. Lakini masikio aliyokuwa nayo! Anachambua kunde zake, mara anasema, "Umeruka la kati. Rudi." Narudi. Baada ya siku chache akaacha kuniita kwa jina alfajiri. Anagonga kitanda tu: "Weikapu, wee. Maji yako ndooni."

Siku ya usaili mama wa Kizungu aliyetusaili akaniuliza, asubuhi hiyo nani ameniamsha. Nikajibu kwamba bibi yangu "woke up me". Akatikisa kichwa. Nikajiona nimeshawekwa ndani. Kisha nikakumbuka mwalimu alisema maneno yale hutengana, mtu akaingia katikati. Nikajiambia, rudi. Nikarudi: "woke me up". Akaandika kitu, akatabasamu.

Nikafaulu. Baba akatimiza neno lake, ingawa kwa shingo upande. Bibi akanifungia kanga na korosho za kubanika, akaniuliza jambo moja tu.

"Na huko Lindi, mjukuu wangu, nani atakuamsha?"

"Nitaamka mwenyewe, bibi."

Nikaamka mwenyewe. Hata siku ilipofika barua ya msiba wake, nilikuwa nimeamka mwenyewe. Nyumba ya bibi ilishaanguka, minazi imekatwa, na shuleni kumejengwa upya. Nimesomesha watoto wa watu miaka mingi, nimezaa, nimejukuu, nyumba yangu imejaa. Lakini tangu niondoke Mchinga, hakuna mtu aliyewahi kuniamsha.