Mke wa Tromboni ya Kwanza

Katika okestra yetu ya mji wa Hatsukawa kulikuwa na utani wa zamani: watu wa nyuzi huoana na watu wa nyuzi, watu wa shaba, wapiga tarumbeta na tromboni, huoana na chupa. Hisae Tokunaga aliukaidi. Yeye alipiga viola, ndugu mkubwa wa fidla, na akaolewa na Morihiko, tromboni ya kwanza, yaani mkuu wa wapiga tromboni, mwanamume mwenye kifua kipana na kicheko kilichofika chumba cha mazoezi kabla yake mwenyewe.

Mimi naitwa Kume. Nilikaa na Hisae kwenye stendi moja ya nota kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, yeye upande wa watazamaji, mimi upande wa ndani nikifunua kurasa. Watu wanaokaa hivyo hujuana kwa pumzi. Nilikuwa najua akiwa na mafua kabla hajapiga chafya. Kwa hiyo nilijua pia kuna jambo linamla, mwaka ule alipoanza kuinama kidogo kila tromboni zilipokaribia kuingia, kama mtu anayengoja mlango ubamizwe.

Siku moja wakati wa mapumziko, tukila matonge yetu ya wali nyuma ya jukwaa, nilimuuliza.

"Hasikii," akasema. Akatafuna, akameza. "Alianza kwa kutosikia ndege. Halafu kengele ya mlango. Sasa nikimwongelesha nikiwa jikoni, ananijibu kitu kingine kabisa. Jana nimemwambia supu imepoa, akanijibu, 'Mpe salamu zangu.'"

Tulicheka. Kisha yeye akaacha kucheka.

"Amekwenda kwa daktari?"

"Amekwenda mara moja. Akapewa vifaa vya kuvaa masikioni. Anasema akivivaa tromboni yake inalia kama bati linalokwaruzwa. Ameviweka kwenye droo ya soksi."

Wapiga shaba wengi husikia kidogo tu wanapozeeka. Hukaa maisha yao yote katikati ya kelele, na tarumbeta ziko mgongoni. Lakini kuna kusikia kidogo, na kuna alichokuwa nacho Morihiko. Aliendelea kupiga kwa sababu mdomo na mkono vilikuwa vimekariri. Sauti ilitoka safi. Tatizo lilikuwa lini aitoe. Kwenye muziki wetu mtu wa tromboni anaweza kukaa kimya robo saa nzima akihesabu, na ukipoteza hesabu, unasikiliza wenzako wakurudishe njiani. Yeye hakuwa na njia ya kurudi.

Ndipo Hisae akamwendea Okazawa, tromboni ya pili. Okazawa alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyetutania sisi wa viola kila siku aliyojaliwa.

"Hisae-san, nasikia wezi wameingia nyumbani kwako, wameiona viola, wakaacha na zao mbili."

"Okazawa-san," Hisae akamwambia, akimrudishia lile 'san' la heshima, "leo usinitanie. Naomba unisaidie."

Walikubaliana hivi: kila tromboni zikikaribia kuingia, Okazawa atainua chombo chake mapema kidogo na kugusa sakafu kwa kiatu, pale ambapo Morihiko angeona kwa pembe ya jicho. Hakuna atakayejua. Hata Morihiko mwenyewe asijue kwamba amefanyiwa. Na kweli mambo yakaenda hivyo, msimu mmoja, wa pili, na wa tatu. Morihiko akaanza kujiamini tena. Akawa akimwambia mkewe, "Unaona? Daktari yule alinitisha bure."

Hisae akawa anaitikia kwa kichwa.

Wahenga husema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini nani mgonjwa hapa, na nani mfichaji? Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na sioni jinsi mke angeweza kusimama mbele ya wazee wa okestra na kusema, mfukuzeni mume wangu.

Kila Desemba mji wetu una desturi moja. Kwaya ya raia, wauza samaki, walimu, wauguzi, mama wa duka la tofu ya soya, hukusanyika na okestra kuimba kazi moja kubwa ya kufungia mwaka. Ukumbi hujaa hadi ngazi. Desemba iliyofuata misimu ile mitatu Okazawa alishikwa na homa ya mafua, homa kali ya kulala kitandani, na mahali pake akaletwa kijana wa kukodiwa kutoka mji mwingine. Hisae alipomwona kijana yule anafungua kasha lake, uso ulimbadilika. Alimfuata mumewe koridoni.

"Baba, leo pumzika. Sema umeumwa tumbo."

"Niumwe tumbo kwa nini?"

"Baba, nakuomba."

"Unaongea huku umeinamisha kichwa, sioni mdomo wako," akasema Morihiko, akicheka, akampiga bega kwa upole. "Twende, tunachelewa."

Katika kazi ile kuna mahali ambapo kila kitu hunyamaza. Mwongozaji huinua mkono na kuuacha hewani, na watu mia mbili hushika pumzi. Kisha tromboni huingia pamoja na sauti za wanaume.

Morihiko aliingia wakati mkono ungali hewani. Aliingia peke yake, kwa kifua chote, na kwa kuwa hakujisikia, hakuacha. Kijana wa kukodiwa alimgusa goti. Ndipo alipogeuka, akaona nyuso.

Hisae hakugeuka nyuma. Nilimwona akitazama nota, machozi yakidondoka juu ya ubao wa viola, na ulipofika wakati wetu wa kupiga akapiga.

Hakuna aliyemlaumu Morihiko. Mwongozaji alimshika mkono mwishoni kama kawaida. Mama wa duka la tofu alimwambia mlangoni, "Umetuamsha, Tokunaga-san." Labda ingekuwa afadhali wangemtukana. Kabla ya mwaka kwisha alikwenda ofisini akaaga kazi.

Nadhani hata hilo wangelivuka. Lakini mwaka mpya Okazawa alipopata nafuu alikwenda kuwasalimu, amebeba keki za mchele, na huruma ikamzidi. Aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka. Akasema kwa sauti kubwa ili asikike: "Nisamehe, kaka. Siku zote nilikuwa nakuinulia. Siku ulipokuwa na haja nami, nilikuwa kitandani."

Morihiko alimtazama, kisha akamtazama mkewe aliyekuwa anamimina chai.

"Ananiinulia nini?"

Hisae akaweka birika chini. Akamweleza.

Aliniambia baadaye kwamba mumewe hakufoka. Alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, halafu akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii mlinibeba mgongoni kama mtoto, na mimi nikidhani natembea." Okazawa alilia. Morihiko akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote, akarudi ndani, na tangu siku hiyo akawa haongei na Hisae ila kwa lazima.

Mwaka huo theluji haikuwa na huruma. Nyumba yao, ya wazazi wake Morihiko, ilikuwa ukingoni mwa mji, na ilikuwa na mapaa mawili: la juu, na la chini linalofunika jiko na ghala. Wanaume wa upande ule hupanda wenyewe kuondoa theluji, na kila msimu wapo wanaoanguka. Ndiyo maana majirani hufungana kamba kiunoni. Hisae alimletea kamba.

"Nimeshafungwa kamba vya kutosha," Morihiko akasema.

Asubuhi aliyopanda ilikuwa na jua, na jua baada ya theluji ndilo la kuogopwa, kwa kuwa huilegeza ikaporomoka. Hata hivyo Hisae aliniambia alianza siku akiwa na furaha, kwa sababu mumewe alisema naye kwanza. Alipokuwa akivaa viatu vya mpira alimwambia, "Chai ikiiva nipungie mkono." Maneno hayo tu. Akapanda ngazi na koleo lake hadi paa la chini, akampa mkewe mgongo, akaanza kuchimba.

Hisae alikuwa uani akisafisha njia. Alisikia juu mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburuta kabati. Theluji ya paa la juu ilikuwa inaachia.

Akamwita. Akamwita kwa jina lake, ambalo alikuwa hajalitumia tangu binti yao azaliwe. Morihiko akaendelea kuchota.

Majirani walichimba kwa makoleo na mikono. Walipompata alikuwa bado na joto, lakini hakuwa hai.

Usiku wa mkesha, tukiwa tumekaa karibu na jeneza, Hisae aliniinamia sikioni. Nilidhani anataka nimletee maji.

"Nilimwita, Kume-san," akasema. "Mume wangu kiziwi, na mimi nikamwita. Kila siku pale uani nikimtaka namrushia donge la theluji, anageuka, anacheka. Theluji ilikuwa mikononi mwangu. Mkono ukasahau, mdomo ukakumbuka."

Nilimshika kiganja, kilikuwa na malengelenge ya koleo.

Alirudi kazini mapema kuliko tulivyotaka. Tulikuwa na ziara za shule za milimani, tukipiga kwenye kumbi za michezo zenye baridi, watoto wamekaa sakafuni. Alipiga vizuri. Wakati wa kula alikaa na sisi lakini hakufungua chakula chake.

Halafu akaanza jambo ambalo halikumpendeza mtu. Alikwenda kwa meneja, akamwambia aletwe daktari wa masikio kila mwaka, apime kila mmoja, na majibu asipewe mpimwaji peke yake. Meneja akamzungusha. Akarudi wiki iliyofuata. Na nyingine. Watu wa shaba wakaanza kumkwepa koridoni. Mpiga tarumbeta mmoja alisema mbele yake, "Mjane anataka tuwe wajane wote." Hisae akamjibu, "Mimi nataka wake zenu wasiwe," akaendelea kupaka utomvu mkavu kwenye upinde wa viola yake.

Daktari akaja. Kati ya wote waliopimwa, sikio lililoharibika kuliko yote lilikuwa la kushoto la Okazawa. Alikuwa ndiyo kwanza amepanda kuwa tromboni ya kwanza.

Alimkuta Hisae chumba cha kubadilishia nguo, mimi nikiwepo. Hakutania.

"Hisae-san, umeniulia kazi yangu."

"Kazi, ndiyo," akasema Hisae. "Wewe, hapana."

"Mimi ni nani bila kazi hiyo?"

"Sijui, Okazawa-san. Yule wangu hakupata nafasi ya kujua."

Okazawa alitoka akiubamiza mlango. Mwaka mzima hawakusalimiana. Aliacha kupiga, akaenda kusaidia shamba la zabibu la shemeji yake, na tukasikia kwamba vifaa vya masikioni anavivaa hata shambani.

Hisae aliendelea hadi umri wake wa kustaafu. Nyumba ya mapaa mawili ilibomolewa. Alihamia ghorofani, kwenye jengo ambalo theluji yake huondolewa na watu wengine. Hakuwahi kuniambia kwamba amejisamehe, na mimi sikuwahi kumuuliza. Siku yake ya mwisho tulimpa maua jukwaani baada ya onyesho, kama ilivyo kawaida, na makofi ya watu wa shaba yalikuwa machache.

Tulipotoka mlango wa nyuma mvua ilikuwa inanyesha. Okazawa alikuwa amesimama hapo na mwavuli, ngozi yake imekuwa nyeusi kwa jua la shamba.

"Nimesikia viola moja imepungua," akasema. "Mji mzima unasherehekea."

Hisae akazunguka nyuma yake, akaenda kusimama upande wa sikio lake zima, na wakaondoka wawili hao chini ya mwavuli mmoja, wakitembea polepole kuelekea kituo cha treni.