Jumuiya Ilipomwombea Mama wa Baa

Mimi si mtu wa kutoka. Wenzangu hapa Mwanza walikuwa wanavuka ziwa kwenda Nansio kisiwani kwenye harusi na kurudi na machungwa na habari za watu. Mimi nilikuwa na chumba Nyakato, kitanda, meza, kiti kimoja, jiko la mkaa, na dirisha lililotazama ukuta wa baa. Nikitaka kusafiri nilihamisha kiti kutoka mezani hadi dirishani.

Kabla ya hapo nilikuwa karani kiwandani. Kiwanda kilipoanza kutafutiwa mwenyewe mpya tuliitwa uwanjani tukaambiwa tunapunguzwa, neno ambalo hadi siku ile nilikuwa nalitumia kwa chumvi ya mboga. Nikapunguzwa. Nilichobaki nacho ni kidato cha nne, mwandiko wa kusomeka na muda mwingi kuliko mtu anavyouhitaji.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti, kila aliyeweza kupata karatasi na mtambo wa kukodi alianzisha gazeti. Moja lilikuwa na ofisi mjini, ghorofani juu ya duka la spea za magari. Nikaandika kurasa mbili nikazipeleka. Nilizoandika hazikuwa habari. Yalikuwa maneno ya mwanamke mwenye baa, anayewasema wateja wake, serikali, wachumba, bei ya kreti na kila mtu anayepita mlangoni pake. Mwanamke huyo alitoka wapi sijui. Nadhani alitoka ukutani.

Mhariri, kijana aliyeacha ualimu, alizisoma amesimama. Akacheka mpaka akakaa. Kisha akaniangalia, sketi inayofagia, rozari shingoni, leso mkononi, akauliza ni nani aliyeniandikia.

"Ni mimi," nikasema.

"Dada, wewe umewahi kuingia baa?"

Nikamwambia nimewahi kupita.

Akanisihi nisimwambie mtu yeyote. Siku hiyo mama wa baa akapewa ukurasa wa nyuma, kila Ijumaa, na mimi nikapewa jina kwenye ngazi za ofisi ile. Nikipanda tu naitwa, "Mama Baa, karibu, leo umetuletea nini?" Ndipo mahali pekee mjini nilipokuwa naitwa kwa kelele.

Baa niliijua kwa masikio. Nilijua chupa inavyofunguliwa kwa mtu mwenye pesa na inavyofunguliwa kwa mtu anayesubiri rafiki alipie. Nilijua kiti kinavyoburutwa mtu anapoondoka kwa hasira na kinavyoburutwa anaporudi baada ya kukosa pa kwenda. Kaseti yao moja ilikuwa imeliwa katikati, kwa hiyo kuna wimbo ninaoujua mwanzo na mwisho lakini sijui ulihusu nini. Hayo yalitosha. Wasomaji waliamini. Mhariri aliniambia wanaume walikuwa wanakuja ofisini kuulizia baa ilipo. Mmoja alimletea mama wa baa sato mbichi, amemfunga kwenye majani, aliyetoka ziwani asubuhi ile. Mhariri akamla kwa niaba.

Basi Ijumaa nilikuwa yule. Jumamosi nilikuwa huyu, wa jumuiya.

Jumuiya yetu ya sala ilikutana asubuhi, nyumba hadi nyumba kwa zamu, na kwa sababu ya kidato changu ni mimi niliyesoma Injili. Tukiwa tunasubiri waliochelewa, mama mmoja muuza dagaa alikuwa anatoa gazeti la jana kwenye kikapu na kuwasomea wenzake ukurasa wa nyuma. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikaa na Biblia mapajani nikitafuta mahali ambapo nilikuwa nimeshapaona. Ni hali ya ajabu, kukaa katikati ya watu wanaokupenda nao hawajui kama ni wewe. Wakimaliza kucheka, wananigeukia kwa adabu, "Haya dada, tusomee," na sauti zao zinashuka kama watu wanaomwamsha mgonjwa.

Mwenyekiti wetu alikuwa bibi mmoja Msukuma, mjane, aliyehamia mjini kutoka upande wa Buhongwa baada ya ng'ombe kwisha. Wote tulimwita Mayu, yaani mama, hata wale ambao kikwao kina neno lake. Hakujua kusoma, na alisikiliza gazeti kama anavyosikiliza Injili, kichwa upande mmoja, bila kucheka, akijaribu kuelewa mtu huyu ana shida gani.

Ijumaa moja mama wa baa aliwasema wanakwaya. Mhariri alikuwa ameniomba. Alisema barua zinakuja nyingi mama wa baa akiwagusa watu wa kanisa. Nikaandika kwamba wanakwaya wakija kuchukua kreti za sherehe ya kipaimara wanapitia mlango wa uani, na sauti ya tatu ndiyo inayobeba nyingi. Mpaka hapo ni utani. Lakini ukurasa haukuwa umejaa, nikaongeza mstari wa kufungia: "Mimi Mungu hana nafasi na mimi, ana foleni ndefu ya wanakwaya." Sikuufikiria. Ulitoka tu, ukakaa vizuri, nikachemsha chai.

Jumamosi muuza dagaa akausoma. Watu wakacheka. Mayu akainua mkono.

"Rudia hapo mwisho."

Akarudia.

"Huyu mama," Mayu akasema, "ana mtu wa kumwombea?"

Hakuna aliyejua. Tukasali, tukafika kwenye maombi, kila mtu akitoa nia yake kwa sauti: mvua, wagonjwa, watoto waliokwenda visiwani kuvua. Zamu ya Mayu ilipofika akasema tumwombee yule mama wa gazetini, mwenye baa, anayedhani Mungu hana nafasi naye. Ee Bwana. Wote tukajibu, twakuomba utusikie. Mimi nilijibu kwa nguvu kuliko wote, ili nisiangaliwe.

Ikawa nia ya kudumu. Kila Jumamosi baada ya mvua na kabla ya wagonjwa, mama wa baa. Walimwombea afya, walimwombea biashara nyingine, mtu mmoja alimwombea mume, Mayu akamkata kwa jicho. Masika ikaja na malaria yangu. Nililala ndani, redio ya betri imekwisha nguvu, nikisikiliza ukutani wanavyocheka. Jumamosi sikwenda. Nilipopata nafuu nikakutana na muuza dagaa kisimani, nikamuuliza kama walisali. Akasema walisali vizuri sana, na mama wa baa hakusahauliwa.

Sikuwalaumu kwa kutojua kuwa naumwa. Mtu akiniuliza hali nilikuwa najibu mzima tu, hata nikiwa nimeegemea mlango.

Siku moja Mayu akatangaza kuwa kumwombea mtu usiyemtembelea ni kazi nusu. Tutamtafuta. Baa yake si iko karibu na viwanda? Gazeti limesema. Basi iko hapa hapa Nyakato. Akaangaza macho chumbani, akanichagua mimi: najua kusoma vibao, na tena, akasema mbele ya watu wote, sina shughuli.

Ndivyo nilivyotoka Jumapili baada ya misa, mimi na Mayu na rozari yake, kwenda kunitafuta.

Tulianza na baa ya ukutani kwangu. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuona upande wa pili. Mwenyewe alikuwa mwanamume mnene, mpole, anayefuta meza mwenyewe. Nilikuwa nimeshamtengenezea mwenye baa hiyo sauti, kiuno na historia ndefu ya ndoa. Akatuambia hakuna mama hapa. Akaniangalia, akauliza, "Wewe si yule jirani unayeumwa?" Nikasema nimepona. Akasema vizuri, maana walikuwa wananisikia nikikohoa, wakapunguza redio. Mimi nilidhani kaseti imekufa kabisa.

Ya pili ilikuwa imefungwa. Ya tatu ilikuwa barabarani, ya kuta za mabanzi ya mbao, na nje mwanamke wa rika langu anamwagia vumbi maji. Alimwamkia Mayu shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akatupatia viti. Mayu hakuzunguka. Akamuuliza kama ndiye yeye anayesema gazetini.

Yule mama hakuwa amewahi kuliona gazeti hilo. Mayu akanigeukia.

"Unalo? Msomee."

Nilikuwa nalo, kwenye mkoba, chini ya kitabu cha sala. Nikalitoa. Sijawahi kusoma maneno yangu kwa mdomo wangu mbele ya mtu; niliyaandika, wengine wakayasoma. Nikaanza. Ule utani uliowaangusha watu jumuiyani ulitoka mdomoni mwangu mmoja mmoja ukaanguka kwenye lile vumbi lililolowa. Niliposoma kuhusu wahudumu na wateja wao, msichana mmoja aliyekuwa anapanga chupa alisimama, akasikiliza, akaendelea kupanga. Mwenye baa alisikiliza kwa heshima, kama anasomewa tangazo la kata. Nilipomaliza akafikiri kidogo.

"Na watoto wake wako wapi?"

"Hajasema," nikajibu.

"Hajawahi kusema?"

"Hapana."

"Wangu wako Nansio, kwa mama yangu," akasema. "Wadogo wananiita dada."

Hakulia wala nini. Alinyanyuka akatuletea soda, akafungua ya Mayu, na Mayu akamshika mkono na kifunguo chake na kuanza kumwombea hapo hapo, kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, Kiswahili kilipomwishia. Mwenye baa, Mkerewe wa watu, akainamisha kichwa. Mimi nilishika gazeti.

Karibu na kwangu Mayu akasimama. "Siye huyu," akasema. "Ila naye ameshaombewa, hakuna hasara."

Jumatatu asubuhi nikakaa mezani. Nilikuwa na kisa mkononi ambacho mhariri angekikimbilia ngazini: mama ambaye watoto wake wanamwita dada. Sikukiandika, na hadi hapa nilipokiweka nimesubiri mpaka watoto wale wana watoto wao. Niliandika mama wa baa asubuhi, hakuna mteja, anafagia. Hakumsema mtu. Alisema amesikia kuna watu mahali fulani wanamwombea, na kwamba ni kama mtu anapiga hodi na wewe hujavaa. Alisema pia kuhusu ile foleni: "Nilisema ni ndefu. Ukweli ni kwamba sijawahi kwenda kuangalia."

Nilipousoma mstari huo ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa linanikera tangu Mayu alipoinua mkono. Utani wote wa yule mama nilikuwa nimeubuni, bia, wachumba, kiuno. Neno moja tu halikuwa la kubuni, nalo ndilo lile la foleni, alilolisikia Mayu. Nilikuwa naenda kila Jumamosi nawasomea wenzangu Injili kwa sauti ya kusikika, na moyoni nimeshajiweka nje ya mlango, huku nikidhani ni unyenyekevu.

Mhariri alisoma amesimama, kama kawaida. Hakukaa.

"Dada, hii ni nzuri," akasema. "Lakini Mama Baa yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

"Hapana. Huyo ni wewe."

Aliichapa, chini kabisa, pembeni ya tangazo la mashine za kusaga. Akaniomba wiki inayofuata nimrudishe yule wa zamani. Nilijaribu, si kwamba nilijaa utakatifu ghafla. Nilikuwa napenda kuitwa kwenye zile ngazi. Lakini kila mama wa baa akifungua kinywa kumsema mhudumu, nilimwona yule msichana amesimama na chupa. Akawa anasema mambo yaliyo kweli tu, na ya kweli hayakumfurahisha mtu asubuhi ya Ijumaa. Hatimaye nafasi yake ikachukuliwa na utabiri wa nyota. Mhariri alinishika mkono kwa heshima, akaniita dada. Nikateremka ngazi polepole ili wapate nafasi ya kuniita jina lile jingine.

Jumuiyani, kabla ya hayo, muuza dagaa alikuwa amewasomea ile ya mama wa baa anayefagia. Safari hii watu hawakucheka. Mayu akasema Mungu ni mkubwa, yule mama amesikia. Akasema tumshukuru Mungu, halafu yule mama tumtoe kwenye nia, maana wagonjwa ni wengi.

Jumamosi iliyofuata maombi yakaanza. Mvua. Magugu yaliyoziba ziwa hadi mitumbwi inashindwa kutoka. Halafu, pale alipokuwa anakaa mama wa baa, wakapita moja kwa moja hadi kwa wagonjwa. Nilikaa nikisubiri, kama mtu ambaye jina lake limerukwa. Nilikuwa nimezoea kuombewa. Sikujua nimezoea kiasi kile.

Zamu yangu ikafika. Siku zote nilikuwa nasema amani katika familia zetu, na familia sina.

"Na kwa ajili yangu mimi," nikasema.

Wakasubiri niendelee. Mayu akaegemeza kichwa upande. "Kwa ajili ya nini, mwanangu?"

"Kwa ajili yangu tu, Mayu."

Wakajibu, twakuomba utusikie, kwa kuchelewa, mmoja mmoja, kama watu walioshtushwa usingizini.

Baada ya sala Mayu alinivuta pembeni. Akataka kujua nina nini hasa, mtu ambaye yuko nyumbani tu siku zote.

"Shida ndiyo hiyo, Mayu."

Akasema atakuja kunitembelea Alhamisi. Nikamwambia ukweli, kwamba kwangu kuna kiti kimoja.

"Nitakuja na changu," akasema.

Alikuja nacho kweli, kigoda cha miguu mitatu, akakiweka chini ya dirisha. Tukanywa chai. Upande wa pili wa ukuta wakaanza kucheka, na Mayu akaniuliza hao wanacheka nini.

"Sijui, Mayu," nikasema. "Sijawahi kujua."