Bendera ya Zambarau kwenye Reli ya Chokaa

Leonidas alishika bendera relini mpaka nywele zikamwisha. Alipostaafu, yadi moja ya mafunzo ya reli kule Nsemulwa, mjini Mpanda, ikamwita akae na sanduku la bendera. Yadi yenyewe haikuwa na treni. Treni ya kweli iliingia Mpanda na abiria wake na haraka zake, nani angeiazimisha vijana wajifunzie? Basi walichora reli kwa chokaa uwanja mzima. Vijana wakashika kamba, wakawa mabehewa. Masele, kwa vile alikuwa mnene, akawa injini.

Sheria ilikuwa kwamba ndani ya chokaa ni reli, na kinachokatazwa kwenye chuma kinakatazwa na hapo. Hata mama muuza mihogo, akikatiza uwanja, alisimama na beseni lake kichwani mpaka behewa la mwisho lipite.

Mwaka wa tisini na sita Generosa, mke wa Leonidas, akafariki.

Kwao matanga yakiisha, nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake wa kike. Leonidas hakuwa na neno, ziende. Ila kulikuwa na kitenge cha zambarau chenye maua ya njano, alichojifunga Generosa akienda kuchuma mboga. Hicho hakutaka kiende. Kukificha uvunguni aliona aibu, mtu mzima. Akawaza kwa akili ya kazini: mali ya kazi hairithiwi. Upande mmoja kilishachakaa. Ule mzima akaukata, akaushona pindo, akautia kijiti, akauweka sandukuni kati ya nyekundu na kijani.

Shemeji yake Scolastica, aliyetoka Usevya kwa ajili ya mgawo, akauliza, "Shemeji, kile cha zambarau kiko wapi?"

"Kiko kazini."

Scolastica akamtazama. Hakuuliza tena siku hiyo.

Bendera za yadi ile zilikaguliwa kuliko mgeni mpakani. Sandukuni Leonidas aliangalia kijiti. Langoni mwingine aliangalia pindo. Mstarini wa tatu aliangalia kijiti tena. Rangi hakuangalia mtu, kila mmoja alijua mwenzake ameshaangalia.

Asubuhi moja Leonidas alikwenda chooni. Kijana wa zamu akatia mkono sandukuni, akachomoa ya zambarau. Kijiti kimekaza. Pindo lipo. Ikapita, akaipunga.

Masele hakuijua, akasimama. Mabehewa ya kati yakasema isiyo nyekundu ni ya kwenda, yakasukuma. Ya nyuma yakakaa chini kungoja maelezo. Treni ikaacha njia, ikaingia kwenye maharage ya jirani.

Jirani akaja mbio na ndoo ya maji. "Kuna waliokufa?"

"Bado tunatafuta behewa moja," akasema mwalimu Manyanda, mkuu wa yadi. Kisha akamgeukia mzee. "Mzee Leonidas, hii inamaanisha nini?"

"Haijasema."

"Kwenye reli ya chuma ipo?"

"Sijaiona."

"Basi na hapa haipo."

Manyanda akafuta ukaguzi wote. Langoni akapigilia kitambaa chekundu na cha kijani. Bendera isiyofanana na kimojawapo haiingii hata hatua. Haichomwi wala haitupwi, inarudi kwa mwenyewe, naye anaambiwa sababu. Mkaguzi akabaki mmoja, Leonidas. Wale wengine wakarudishwa kwenye kamba.

Jumamosi bendera zote zikapitishwa upya. Ajali ile ilishasikika mji mzima, watu wakaja kutazama. Scolastica naye alikuja, na kikapu chake kitupu.

Nyekundu ikapita. Kijani ikapita. Leonidas akafika kwenye ya zambarau. Akaiweka sambamba na kitambaa chekundu, akaiweka sambamba na cha kijani. Akarudia.

"Haiingii," akasema.

"Taja sababu, mzee. Ndiyo utaratibu."

"Hakuna inayofanana nayo."

Manyanda akakohoa. "Irudi kwa mwenyewe, basi. Mwenyewe nani?"

Leonidas akisema ni ya kazi, kazi imeshaikana mbele ya watu. Akisema ni yake, basi ni nguo ya marehemu, na kikapu kile pale.

Scolastica akangoja treni ya vijana ipite, akavuka chokaa. Akaichukua ile bendera. Akaigeuza, akaishika maua, akainusa. Halafu akakitikisa kijiti.

"Mimi nimefuata nguo za dada," akasema. "Dada yangu hakuwahi kuvaa kitu chenye kijiti. Hii siijui."

Akamrudishia mkononi. Leonidas akaikunja kifuani.

"Pindo kakushonea nani, shemeji?"

"Mwenyewe."

"Limekwenda upande."

"Najua."

"Hebu lete. Utatembea nayo hivyo, watu watasema hatumtunzi mwenzetu."

Alikuwa na sindano kwenye ukosi, yenye uzi mweusi. Akakaa palepale langoni, katikati ya reli, akanyoosha miguu, akaanza kulifumua. Masele akafunga breki, na mabehewa nyuma yake. Manyanda akatazama lango, akamtazama mama yule. Kwa mtu aliyekaa relini sheria ilikuwepo. Akainua nyekundu mwenyewe, akaishikilia juu mpaka mama yule amalize kushona.