Tisa ya Obiero

Fundi wa jezi pale mtaani West Indies huongea na pini mdomoni, na akikasirika pini hazianguki, zinatetemeka tu. Namba zote hukata kwa mkono. Sita na tisa anazo kwa karatasi moja, hugeuza tu. Tisa ya Obiero, mshambuliaji wetu, huishona mara mbili, tangu ile fainali aliyofunga kwa kichwa kilichofungwa bandeji, mtaa mzima wa Munyaka ukalia. Wiki hiyo Obiero alikuwa nyumbani na goti bovu, na mwenyekiti wa timu akaleta jezi mpya, ati tisa apewe mpwa wake. "Si hata angempigia Obiero simu?" fundi alifoka, cherehani ikinguruma. "Aki huyu mtu hana haya!" Nami nikasema hana, hata kidogo.

Jumamosi mpwa akavaa bila kuangalia mgongo, akaingia uwanjani na sita. Beki naye alikuwa na sita yake. Refa akamtoa: sita wawili kwa timu moja? Mwenyekiti akaja mbio kwa fundi, anapiga kelele. Fundi hakuinua macho. "Hiyo ni tisa, mwenyekiti. Mwambie kijana asimame kwa kichwa."